Picha Sita Zipo, Hadithi Haipo: Utatuzi wa Matatizo ya Storibodi Darasani

Mwongozo huu umetokana na malalamiko ambayo walimu wa Kiswahili jijini Dar es Salaam huyarudia kila wanapotumia storibodi, yaani hadithi iliyopangwa kwa picha ndani ya visanduku vinavyofuatana, kufundishia msuko, yaani jinsi matukio ya hadithi yanavyofungamana, na uhusiano wa chanzo na matokeo. Mengi yamenipata mimi mwenyewe katika darasa la kidato cha kwanza lenye wanafunzi 90, ambalo madirisha yake yanatazama kituo cha daladala na ambalo mwalimu hushindana kwa sauti na makonda kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Nimeyapanga kwa dalili, nikianza na ile inayosikika zaidi. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachopatikana mara nyingi ndicho kinachotangulia, kwa hiyo ni vizuri kufuata mpangilio huo na kutorukia marekebisho mazito kabla ya kufanya ukaguzi mwepesi.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili zote: je, picha zinahamishika?

Storibodi ilishika mizizi katika studio ya Walt Disney nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale wachoraji walipoanza kubandika michoro ukutani ili hadithi nzima ionekane kabla ya kuingia gharama ya kuchora filamu yenyewe. Faida yake ilikuwa kwamba mchoro uliokaa mahali pasipofaa ulibanduliwa na kuhamishwa. Darasani tunaipoteza faida hiyo siku tunapomwambia mwanafunzi apige mistari sita kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kwa sababu akishachora kisanduku cha pili hawezi tena kukigeuza kuwa cha tano bila kufuta kazi yote, na mtoto aliyechoka kufuta huitetea hadithi mbovu kama wakili.

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati mara tatu hutoa vipande vinane. Vichanwe au vikatwe, sita vitumike kwa hadithi na viwili vibaki tupu. Vile viwili tupu visitupwe, kwa maana ndivyo vitakavyohitajika katika dalili inayofuata. Karatasi zikiwa chache, wanafunzi wawili washirikiane seti moja, lakini wasizidi wawili, kwa kuwa katika kundi la watu sita mmoja huchora na watano humshikia rula.

Dalili: Picha zinafuatana, lakini hakuna inayoizaa nyingine

Hili ndilo tatizo mama. Mwanafunzi anachora mtoto akitumwa sukari dukani, kisha mtoto akicheza rede, kisha duka limefungwa, kisha mama amekasirika. Ukimwomba asimulie, anajibu bila kusita: "Akatumwa, akacheza, akaenda, akakuta duka limefungwa, mama akamkasirikia." Sentensi haina kosa lolote la sarufi, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kisababishi cha kwanza ni kiambishi -ka- chenyewe. Lugha yetu imetupa chombo kizuri mno cha kusimulia, ambacho huunganisha tukio na tukio bila kumdai msimulizi aeleze limeunganishwa na nini. Katika "alianguka akavunjika mguu", tukio la pili limezaliwa na la kwanza. Katika "alikula akaoga", yamepangana tu kama abiria kwenye foleni. Umbo ni moja, uhusiano ni tofauti, na sikio la mwanafunzi aliyelelewa kwa ngano halisikii tofauti hiyo hadi aonyeshwe. Kwa hiyo usimkemee kwa kutumia -ka-. Mwonyeshe mahali inapoficha pengo.

Ukaguzi mwepesi ni kubadilisha nafasi za picha. Chukua picha mbili zilizo jirani, zipishanishe, kisha mwombe mwanafunzi asimulie upya. Ikiwa hadithi inaendelea vilevile, picha hizo hazikuwa na uhusiano wa chanzo na matokeo, na mwanafunzi huliona jambo hilo kwa macho yake kabla hujalitamka.

Ukaguzi ukithibitisha tatizo, weka ukanda mwembamba wa karatasi katika kila nafasi iliyo kati ya picha mbili, na umtake mwanafunzi aandike juu yake neno moja kati ya matatu tu: "kwa hiyo", "lakini" au "ili". Maneno "halafu", "kisha" na "baadaye" yapigwe marufuku kwa kipindi hicho kizima, si kwa sababu ni mabaya bali kwa sababu yanamruhusu mtu kuvuka pengo bila kulitazama. Nimefikia kuamini kwamba msuko hukaa kwenye kanda hizo zaidi kuliko kwenye picha, na siku hizi nikisahihisha storibodi ninaanza kusoma kanda.

Baada ya hapo tumia -nge-. Ni jaribio ambalo mtoto yeyote wa Kiswahili analiweza: "Kama asingecheza rede, ingekuwaje?" Mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba duka lingekuwa wazi. Nikamwuliza kama duka hilo hufungwa kwa kuwa watoto wanacheza rede. Akacheka, akasema hapana. Akaitazama picha ya pili na ya tatu kwa muda, akachukua kimoja kati ya vile vipande viwili vilivyobaki, akachora jua limeinama nyuma ya mnazi na mwenye duka anashusha mlango, mswala uko begani. Duka lilifungwa kwa sababu ya sala ya magharibi, na mchezo ulichofanya ni kumchelewesha mtoto hadi wakati huo. Kisanduku kilichokuwa kinakosekana ndicho kilichobeba hadithi yote, naye alikuwa anakijua tangu mwanzo kwa kuwa duka lile liko mtaani kwao. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

Kisababishi cha pili, kwa aibu yetu, ni swali la mwalimu. Tukizunguka darasani tukiuliza "Nini kilifuata?", tutapewa vilivyofuata. Swali libadilike liwe "Nini kilisababisha?" au "Kimemfanya afanye nini?", na mara nyingi tatizo hupungua bila marekebisho mengine.

Kisababishi cha tatu, ambacho ni nadra, ni kuchanganya sababu na kusudi, kama kwa mwanafunzi anayeandika kwamba duka lilifungwa ili mama akasirike. Huyu anahitaji dakika kumi za mazoezi ya mdomo ya "kwa sababu" na "ili", bila picha.

Dalili: Hadithi haianzi hadi kisanduku cha tano

Mhusika anaamka. Anapiga mswaki. Anakunywa chai. Anavaa sare. Anapanda daladala, na katika kisanduku cha sita, hatimaye, anaibiwa nauli.

Kisababishi kikuu ni mazoea ya insha za "Siku nisiyoisahau", ambazo mwanafunzi amezoezwa kuzifungua kwa jogoo na kuzifunga kwa usingizi. Mwambie atafute kisanduku cha kwanza ambacho mtu anataka kitu na kitu hicho kinamponyoka. Kikiwa cha nne au zaidi, vyote vilivyotangulia vigeuzwe kifudifudi mezani, hadithi ianzie hapo, na kama kuna habari ya asubuhi inayohitajika kweli itarudi yenyewe.

Kisababishi cha pili ni ile piramidi ya msuko ambayo walimu wengi huichora ubaoni: utangulizi, mgogoro unaokua, kilele, mshuko, suluhisho. Mchoro huo ulitoka kwa Mjerumani Gustav Freytag mwaka 1863, naye alikuwa anachambua tamthilia za matendo matano. Mwanafunzi akiuona ubaoni hudhani kila hatua inadai idadi sawa ya visanduku, hivyo huutengea utangulizi viwili hata kama hana la kutangulizia. Isitoshe, ngano zetu nyingi hazipandi mlima mmoja. Sungura hujaribu hila, hila inashindikana, anajaribu tena, na jaribio la tatu ndilo linalomwumbua au kumwokoa. Mimi huitumia piramidi baada ya storibodi kukamilika, kama kipimo cha kukagulia, na siiweki ubaoni kabla ya kazi kuanza.

Dalili: Mwisho unadondoka kutoka angani

"Ghafla polisi wakatokea." "Kumbe ilikuwa ndoto." Mjomba ambaye hakutajwa popote anarudi kutoka Ulaya na kulipa deni la nyumba. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilalamikia miisho ya namna hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akidai kwamba kufunguka kwa fundo la hadithi kutokane na matukio yenyewe na si na mungu anayeshushwa jukwaani kwa mashine, kwa hiyo mwalimu asijione ana darasa lenye laana.

Tazama saa kwanza. Kipindi ni dakika 40, na mwanafunzi aliyetumia 35 kwenye visanduku vitatu vya mwanzo hana njia ila kumwita mjomba. Ikiwa wengi darasani wana dalili hii, tatizo ni la muda, na kazi igawiwe vipindi viwili.

Ikiwa muda ulitosha, basi mwandishi hakujua anakokwenda. Siku inayofuata mpe kazi kinyumenyume: achore kisanduku cha sita kwanza, kisha ajiulize ni kitu gani kilichokilazimisha kitokee, achore hicho kama cha tano, na arudi hivyo hadi cha kwanza. Atakayemtaka mjomba bado anaruhusiwa kumtumia, kwa sharti kwamba awe ameonekana katika kisanduku cha kwanza au cha pili, hata kama ni picha yake tu ukutani au simu inayoita bila kupokewa.

Dalili: Chanzo ni kimoja tu, au si chanzo

Hapa picha zinahusiana vizuri na mwanafunzi ana kila haki ya kudhani amemaliza, kwa hiyo walimu wengi huiacha dalili hii ipite. Mimi siiachi.

Mfano ulio karibu nasi ni Jangwani. Masika yakichachamaa, Mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, na mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kazi mwaka 2016 huku kituo chake cha kuegesha kikiwa katika bonde hilohilo, husitisha safari. Mwanafunzi anachora mvua, kisha mafuriko, kisha baba amekwama, kisha kibarua cha baba kimeota nyasi. Kanda zote zimeandikwa "kwa hiyo", na zote ni kweli. Lakini mwulize: mvua hiyohiyo ilinyesha Kimara, kwenye barabara hiyohiyo, kwa nini kule basi linapita? Hapo ndipo vinapoanza kujitokeza vitu ambavyo havikuwa na kisanduku: kwamba Jangwani ni bondeni, kwamba maji ya mto huo yanatoka mbali kwenye vilima vya Pugu, kwamba mitaro imejaa chupa na mifuko, kwamba watu wamejenga hadi kingoni.

Marekebisho ni kuongeza safu ya pili. Safu ya chini ibaki ya matukio, na juu yake ziwekwe kadi za hali zilizokuwepo tayari kabla ya tukio, kila moja ikiwa na mshale unaoshuka. Mtaro ulioziba haukutokea siku ile. Ulikuwepo ukisubiri mvua. Wanafunzi wa kidato cha kwanza huelewa haraka wakiambiwa kwamba kuna kuni na kuna kiberiti, na kwamba moto unahitaji vyote viwili.

Namna ya pili ya dalili hii ni chanzo ambacho si chanzo: bundi alilia usiku, asubuhi bajaji ikapinduka. Tahadhari hapa ni ya heshima zaidi kuliko ya ufundi. Mtoto huyo amelisikia jambo hilo kwa bibi yake, na mwalimu anayemcheka mbele ya wenzake amemcheka bibi. Ninachofanya ni kumwekea ukanda mtupu kati ya bundi na bajaji na kumwuliza: ni nani aliyemsikia yule bundi? Mwanafunzi mmoja alifikiri, akasema ni dereva. Kwa hiyo dereva hakulala. Kwa hiyo asubuhi alisinzia kwenye usukani. Bundi alibaki katika hadithi, imani ya bibi ilibaki, na mnyororo wa sababu ukakamilika kwa kupitia moyo wa mtu. Hiyo ni miongoni mwa storibodi bora kabisa nilizowahi kusahihisha.

Dalili: Mbinu rejeshi imevuruga kila kitu

Mwanafunzi ameanza na mtu akiwa hospitali, akarudi nyuma kwenye ajali, kisha yeye mwenyewe akapotea. Kisababishi karibu kila mara ni kutotenganisha mfuatano wa kutokea na mfuatano wa kusimulia. Aandike nyuma ya kila kadi namba ya kutokea na mbele namba ya kusimulia. Azipange mara moja kwa namba za nyuma na kuhakikisha "kwa hiyo" zote zinasimama, ndipo azipange kwa namba za mbele. Kama bado anapotea, arudi kwenye msuko wa moja kwa moja kwa muhula huu, kwa kuwa mbinu rejeshi si ya lazima kwa mtu yeyote.

Dalili: Mchoro mzuri, kazi haijaisha, au "Mwalimu, mimi sijui kuchora"

Haya ni magonjwa mawili yenye dawa moja. Nimewahi kupokea basi la mwendokasi lililochorwa hadi vishikio vya abiria na kibao cha mlango wa dharura, katika kisanduku cha kwanza, na vingine vitano vikiwa vyeupe. Tangaza kabla ya kuanza kwamba watu wote watakuwa wa njiti, kila kisanduku kina dakika tatu, na rangi hazifunguliwi hadi kanda zote ziwe zimeandikwa na kusainiwa na mwalimu.

Yupo pia yule anayejaza soko zima katika kisanduku kimoja, mama lishe, mwizi, askari na ng'ombe kwa pamoja, kama baadhi ya michoro ya tingatinga inayouzwa Msasani. Jicho lake la matukio ni zuri. Mpe mkasi.

Dalili: Storibodi nzuri, insha mbovu

Insha inaanza: "Katika picha ya kwanza tunaona mtoto." Mwanafunzi anaeleza michoro badala ya kusimulia hadithi. Mwondolee kadi, umwache na kanda pekee, na amsimulie jirani yake kwa mdomo kwanza. Kisha aandike sentensi za kanda kabla ya zingine zote, kwa sababu hizo ndizo zitakazobeba aya. Hapa sasa marufuku ya "kisha" na "halafu" iondolewe, maana hadithi iliyojaa "kwa hiyo" tupu husomeka kama hukumu ya mahakama.

Dalili: Darasa zima lina hadithi moja

Mfano wako bado uko ubaoni. Ufute.

Mahali pa kuacha na kumwita mwenye utaalamu

Yapo matatizo ambayo storibodi huyafichua lakini haiwezi kuyatibu, na mwalimu anayeendelea kusisitiza "kwa hiyo" na "lakini" mbele yake anaweza kumwumiza mtoto.

Mwanafunzi anayenakili vibaya kutoka ubaoni, anayeinamia karatasi hadi pua iguse, au anayechora kila kitu kikubwa kupita kiasi, ahamishiwe mbele kwanza. Hilo lisiposaidia ndani ya wiki moja, mzazi aitwe na ashauriwe kumpeleka mtoto kupima macho. Hospitali ya CCBRT pale Msasani na Muhimbili zote zina huduma hiyo. Usimpe miwani ya mwenzake ajaribu.

Mwanafunzi anayesimulia kwa mdomo msuko uliokamilika, wenye sababu na kilele, lakini hawezi kuandika hata neno moja kwenye ukanda baada ya majuma kadhaa ya msaada, asihesabiwe kuwa mvivu. Kusanya storibodi zake tatu au nne, andika tarehe nyuma ya kila moja, na uzipeleke kwa mkuu wa shule ili afisa wa elimu maalumu wa manispaa ahusishwe.

La mwisho ndilo zito zaidi. Baadhi ya watoto huchora nyumbani kwao. Ukiona kipigo, damu, mtu mzima kitandani kwa mtoto au mtoto aliyefungiwa, na hasa picha hiyohiyo ikirudi katika kazi mbili au tatu tofauti, usimhoji mbele ya darasa, usimwulize "Kwa nini?" kama unavyowauliza wengine, usimwahidi kwamba itabaki siri, na usimpigie mzazi kwanza. Mwambie kwa utulivu kwamba umeiona kazi yake, kisha umfikie siku hiyohiyo mwalimu wa malezi na unasihi au mkuu wa shule, ili suala lifike kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116 bila malipo. Storibodi hiyo haibandikwi ukutani, haipewi alama wala haisahihishwi msuko; iwekwe ndani ya bahasha, iandikwe tarehe, na ikabidhiwe mkono kwa mkono.